Madamu wa Roboti na Rufaa Zake

Kila ofisi ya walimu ina mtu mmoja ambaye akiingia, wengine wote wanajifanya wanasahihisha madaftari. Kwetu pale Same mtu huyo alikuwa Madamu wa Fizikia. Jina lake analo, ila sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Hata mume wake alipokuwa akimpitia jioni alisimama mlangoni na kuuliza, "Madamu bado yupo?" kama mzazi aliyeitwa shuleni kwa kosa la mtoto.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilizaliwa tambarare, kwenye kambi ya mkonge, maana baba alitoka Kigoma kuja kukata mkonge akasahau kurudi. Habari za mashine nilizijua kwa upande mmoja tu, wa kusukuma gari lililogoma kuwaka. Kwa hiyo siku Mkuu wa shule aliponiteua kuwa mlezi msaidizi wa klabu ya roboti nilidhani amekosea mtu. Madamu, aliyekuwa mlezi mwenyewe, alidhani hivyohivyo, na tofauti na mimi, yeye alisema.

"Mkuu, huyu anajua nini?"

"Anajua kuongea. Na safari ya Moshi inatakiwa iwe na mwalimu wa kiume."

"Haya. Atashika betri."

Na nikashika betri, safari zote, miaka yote. Sijawahi kupandishwa cheo.

Klabu yenyewe ilikuwa kwenye stoo ya zamani nyuma ya jiko la shule, chumba cha dirisha moja chenye meza ndefu na harufu ya maharage. Humo wanafunzi walitengeneza kigari chenye mota, cha kuendeshwa kwa rimoti, kwa ajili ya mashindano ya mkoa. Kazi ya kigari ni kuokota mipira iliyotawanywa uwanjani na kuitia kwenye sanduku kabla filimbi haijalia. Anayetia mingi ndiye mshindi. Ukiielezea hivyo inaonekana kazi ya mtoto. Ijaribu.

Jambo la kwanza kulijua kuhusu Madamu ni kwamba mikono yake ilikuwa mibovu kupita maelezo. Kichwani mwake mota zilizunguka, giya zilishikana, uzito ulikaa mahali pake. Lakini mpe bisibisi uone maajabu. Skrubu aliyoikaza yeye ilisimama kombo, na nati aliyoifungua haikuonekana tena duniani. Mwaka mmoja wanafunzi walikaa kikao bila yeye wakaazimia kuficha spana zote kila anapoingia. Alipogundua hakukasirika. Alisema huo ndio uamuzi wa kwanza wa kihandisi uliowahi kutoka ndani ya chumba kile. Tangu hapo akawa anafundisha kwa mdomo na kidevu. Kidevu kikielekea kushoto, mota inahamishwa kushoto. Kikipanda juu, umeharibu, bomoa.

Imani yake kubwa ilikuwa kwamba roboti nzuri ni ile iliyopunguzwa. Mwanafunzi akija na mchoro wenye mikono miwili, taa na bendera, Madamu aliutazama kwa huruma kama anayetazama mgonjwa, kisha akauliza kila kipande kina kazi gani. Taa ina kazi gani? Inapendeza, Madamu. Toa. Bendera? Uzalendo, Madamu. Mwimbe wimbo wa taifa, bendera toa. "Kitu ambacho hukukiweka hakiwezi kukatika," alikuwa akisema, na alilisema mara nyingi kiasi kwamba mpishi wa shule naye akalichukua kujitetea siku ambazo mchuzi haukuwa na kitunguu.

Kuna mwaka vijana walimwelewa kupita kiasi. Kanuni zilikuwa na kikomo cha uzito, na roboti yetu ilikizidi kidogo. Basi wakaanza kutoboa matundu kwenye fremu ya alumini ili kuipunguza. Wakatoboa Jumamosi, wakatoboa Jumapili baada ya ibada, wakanogewa. Jumatatu fremu ilikuwa nyepesi kweli, ila ulipoweka betri katikati ilinyong'onyea kama kitanda cha kamba. Madamu aliizunguka. Halafu akasema matundu ni mazuri, tatizo wamesahau kuacha fremu.

Na mtu huyuhuyu, mhubiri wa wepesi, alitembea na mkoba ambao mimi mwanaume niliwahi kuubeba kutoka stendi mpaka shuleni nikalala na mgongo unauma. Ndani yake mlikuwa na nini? Mota mbovu, koleo, sumaku ya spika, Biblia, kitabu cha nyimbo za Kilutheri, chupa ya chai, na siku moja, Mungu ni shahidi, kichwa cha cherehani. Nilipomuuliza kila kitu kina kazi gani alinijibu kwamba mimi kazi yangu ni betri.

Makosa yetu, nikiyatazama sasa, yalikuwa ya kwetu kabisa. Mwaka wa kwanza mipira ya mazoezi haikufika kwa wakati. Wanafunzi wengi walitoka juu milimani, Myamba na vijiji vya jirani, na huko kitu kisichokosekana ni tangawizi. Likaletwa gunia. Roboti ikafundishwa kuokota tangawizi, na kwa kuwa tangawizi ina vidole na mabonde, vijana wakaitengenezea kucha za chuma zenye meno, zinazong'ata popote. Ilifika mahali mashine ile ikawa inaokota tangawizi vizuri kuliko wauzaji wa sokoni. Tukaenda Moshi tukiwa tumevimba vichwa. Uwanjani wakamwaga mipira ya plastiki, myororo, mviringo. Kucha zikabana mpira wa kwanza, mpira ukachomoka kama sabuni bafuni ukaenda kugonga mguu wa mgeni rasmi. Wa pili vilevile, mguu uleule. Tulimaliza bila mpira hata mmoja sandukuni, na mgeni rasmi akaomba kuhamishiwa safu ya nyuma.

Mwaka uliofuata tukakosea kwenye giya. Mtoto wa milimani haiamini ardhi tambarare. Kila njia aliyopita tangu aanze kutembea inapanda au inashuka, kwa hiyo ukimwambia achague kati ya kasi na nguvu, anachagua nguvu bila kufikiri mara mbili. Vijana wakafunga giya za kupandia. Roboti ilipanda ngazi za ofisi ya Mkuu, ikapanda rundo la mchanga, ikapanda gunia la mkaa. Madamu mwenyewe, mzaliwa wa huko juu, aliipigia makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba uwanja wa mashindano ni ubao uliolala chini kama meza. Shule moja ya mjini, ya kulipia, ilikuja na kigari kinachokimbia kama panya, kikamaliza mipira yote wakati chetu bado kiko safarini kuelekea wa pili. Kilienda kwa heshima na utulivu, kama maandamano ya maaskofu.

Sasa nifike kwenye rufaa. Sisi wa tambarare huwa tunawatania Wapare kwamba wanapenda kesi kuliko wali, na wao hutujibu kwamba sisi tunapenda wali kwa sababu hatuna shamba la kugombania. Ni utani wa kawaida. Lakini Madamu alikuwa anauthibitisha kila wiki. Alikata rufaa kwa Mkuu kuhusu ratiba ya zamu. Alikata rufaa kwa mchungaji kuhusu sauti ya tatu kwenye kwaya, kwamba inaingia mapema, na akaja na saa yenye sekunde kulithibitisha hilo katikati ya mazoezi. Alimkatia rufaa kondakta wa basi kwa kondakta mwenzake. Kwenye mashindano alizijua kanuni zote kwa kichwa, na kila filimbi ya mwisho ilipolia, aliinuka, akanyoosha sketi, akaelekea meza ya waamuzi. Walimjua. Ukiwaangalia usoni uliona wanatafuta pa kujificha.

Mpaka hapo hakuwa ameshinda hata moja. Mwaka wa tangawizi alidai mguu wa mgeni rasmi ulikuwa ndani ya uwanja. Mwaka wa giya alidai ubao ulikuwa umeinama. Walimsikiliza, wakatikisa vichwa, akarudi kukaa. "Hukumu mbovu," angesema, "lakini utaratibu umefuatwa." Kisha angefungua chupa ya chai na kunipa kikombe cha kwanza, mimi mshika betri.

Nisije nikamfanya mkali tu. Kila Jumamosi kulikuwa na alichokiita msaragambo, kama wanavyoita Wapare ile siku ya kijiji kizima kutoka kwenda kuchimba mfereji au kutengeneza barabara pamoja. Msaragambo wake ulikuwa wa stoo: kufagia vumbi la alumini, kunyoosha nyaya, kupanga skrubu. Aliyekuja alikula makande aliyoyapika nyumbani kwake na kuyaleta kwa sufuria. Asiyekuja alikula pia, ila kwanza alisimama akaeleza faida za kazi ya pamoja huku wenzake wanatafuna. Na kabla ya kila mashindano aliwashikisha mikono akasali, na sala yake ilikuwa na vipimo. "Bwana, tunaomba uishike boliti ya kushoto nyuma, maana unajua ilivyokazwa na nani." Waislamu na Wakatoliki wa klabu, wote waliitikia amina. Boliti ile ilimhusu kila mtu.

Alikuwa na uongo mmoja tu, nao aliuamini mwenyewe. Alisema roboti ni ya wanafunzi, wao ndio wanaoamua. Kisha kidevu kinapanda, na uamuzi wa wanafunzi unabomolewa.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, Mkuu alituita ofisini. Walimu walikuwa wanalalamika hakuna mahali pa kunywa chai, na stoo ya roboti, ikipakwa rangi na kuongezwa dirisha, ingetosha kabisa kuwa kantini.

"Madamu, mimi siipingi klabu," Mkuu akasema. "Lakini mmekwenda Moshi mara nyingi, mnarudi na kikombe cha chai tu. Leteni kombe mwaka huu, stoo ni yenu hata ukiondoka. Msipoleta, naweka kantini."

Nilidhani atakata rufaa palepale. Hakukata. Alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha ukuta, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana la kusema. Niliogopa. Madamu akinyamaza, kuna kitu kimeharibika.

Msimu ule ndio niliomwona akifanya kazi kweli. Wanafunzi walitaka mkono wa kuinua mipira, kama ule ambao ile shule ya kulipia ilikuwa imeanza kuja nao. Madamu alitaka beleshi la kuichota.

"Madamu, mkono ni noma," nahodha akasema. Huyu alikuwa binti wa kidato cha tatu, ndiye mwendeshaji wetu, mwenye vidole ambavyo rimoti ilivitii. "Beleshi ni la kishamba. Watatucheka."

"Mkono una viungo vingapi?"

"Vitatu."

"Beleshi?"

"Halina, Madamu."

"Kwa hiyo la kishamba halina pa kukatika."

Lakini safari hii kidevu hakikupanda. Akawaambia watengeneze vyote viwili kwa maboksi na plaiwudi, vishindane sakafuni, na kitakachoshinda ndicho kitakachokwenda. Mkono uliokota vizuri sana, mpira mmoja kwa wakati, huku ukitetemeka kama mzee anayemimina chai. Beleshi lilichota mipira mingi kwa mkupuo, tatizo likawa roboti ikirudi nyuma mipira inabingirika kutoka. Nahodha ndiye aliyevua ndara yake, akakata kipande, akakifunga mdomoni mwa beleshi kama ulimi unaoruhusu mpira kuingia na kuuzuia kutoka. Walijaribu mpaka jua likazama. Hakuna mpira uliotoka. Giya wakafunga za kasi, betri ikalala chini katikati ya magurudumu ili kigari kisipinduke kwenye kona, na bendera ikakosekana bila mtu kuililia. Madamu alikitazama kile kitu kifupi, kibaya, chenye ulimi wa ndara, akaniambia taratibu, "Mwalimu, hiki kitashinda."

Na tulikwenda tukashinda. Raundi ya kwanza, ya pili, nusu fainali. Watu waliokuwa wanaicheka ndara wakaanza kuja kuipiga picha. Fainali ikawa sisi na shule ileile ya kulipia, na mkono wao mzuri wenye viungo vyote. Mpira kwa mpira. Sekunde za mwisho tulikuwa sawasawa, nahodha akauchota mpira mmoja wa mwisho, akakimbiza kigari mpaka sandukuni, akamwaga, filimbi ikalia. Mwamuzi, kijana mwenye fulana, akahesabu. Tumewazidi mmoja. Niliruka. Nilimkumbatia mzazi nisiyemjua. Niliiweka betri ya akiba chini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya klabu. Stoo imepona!

Nilipogeuka, Madamu alikuwa ameinuka, ananyoosha sketi.

Nikamkimbilia. "Madamu, unakwenda wapi? Tumeshinda."

"Kanuni inasema mpira unaoguswa na roboti filimbi inapolia hauhesabiwi."

"Ndiyo?"

"Ulimi umeulalia mpira wa mwisho. Kaangalie."

"Madamu, hakuna aliyeona."

"Mimi si nimeona?"

Nilimshika mkono. Sikuwa nimewahi kumshika. Akauondoa bila hasira akaenda. Waamuzi walipomwona anakuja wakaanza kuguna, mmoja akamwambia, "Mama, umeshinda, leo unalalamikia nini tena?" Akawaeleza. Wakamwomba arudie, wakidhani hawakusikia vizuri. Wakaenda sandukuni, kigari kikiwa palepale kilipoachwa, wakainama. Kipande cha ndara kilikuwa kimekaa juu ya mpira kama kidole cha mtoto kwenye asali. Mpira ukafutwa. Tukawa sawa, na kwa kuwa wenzetu walikuwa na kosa moja pungufu, kombe likaenda kwao. Ile ndiyo rufaa pekee ambayo Madamu aliwahi kushinda.

Ndani ya basi wanafunzi wengine walilia waziwazi, nahodha alikaa dirishani akatazama nje mpaka tukaipita Mwanga. Mimi nilikuwa na hasira, na sitaficha, ilikuwa hasira ya kumtaka mtu ashuke njiani. Niliona ameuza chumba cha watoto ili nafsi yake ilale vizuri. Kantini ilifunguliwa muhula uliofuata. Chapati zake ni nzuri sana, na nilizila kwa uchungu kwa muda mrefu kuliko inavyostahili chapati. Madamu akastaafu, akapanda Myamba kulima. Hatukuagana vizuri.

Mwezi uliopita mwenzetu wa ofisini alioza binti huko juu, nikapanda na wengine. Siku ya pili asubuhi niliuliza njia nikaenda kwake. Nilimkuta uani kwake na chungu cha makande jikoni, amevaa gauni la kazini na kofia ya mume wake.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Umenenepa. Kantini hiyo."

Tukakaa. Tukaongea habari za harusi, mvua, Mkuu mpya, nani kahamishwa. Kisha akatazama mikono yake.

"Mwalimu, nikuulize. Wale watoto, wananichukia?"

Kabla sijajibu akaendelea.

"Nimelifikiria sana," akasema. "Kusema ukweli sijutii. Lakini miaka yote niliwaambia roboti ni yao. Basi na kombe lilikuwa lao. Nimerudisha mali ya watu bila kuwauliza wenyewe. Hilo ndilo linaloniamsha. Ningewauliza kwanza. Labda wangekataa, labda wangekubali, lakini lilikuwa lao kusema."

Hapo nikamwambia nilichokuja nacho. Wiki chache kabla ya harusi, nahodha alipita shuleni kunisalimu. Sasa yuko chuo cha ufundi, mwaka wa pili. Tukakaa kantini, palepale ilipokuwa meza ndefu, na chapati ya pili ikiwa mkononi akaniambia jambo. Alikuwa amesimama karibu na sanduku kuliko mtu yeyote. Aliuona ulimi umeulalia mpira kabla mwamuzi hajamaliza kuhesabu. Hakusema. Alimtazama Madamu, akajiambia kwamba Madamu akinyamaza, na yeye atanyamaza, na hatakuja tena kwenye klabu. Madamu alipoinuka na kunyoosha sketi, ndipo alipoanza kulia, na akaniambia hakulia kwa ajili ya kombe.

Madamu alilia, machozi ya wazi, bila kufunika uso wala kusingizia moshi, na mimi nikalia kidogo kumsindikiza, maana nilikuwa nimemkosa mno mwanamke huyu na sikuwa nimemwambia mtu. Kuku wakapita katikati yetu kwa dharau.

Alipomaliza alijifuta na kofia ya mume wake. Nikaona kidevu kinarudi mahali pake polepole.

"Kwa hiyo yeye aliona."

"Aliona, Madamu."

"Na mimi niliona." Akanigeukia. "Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unarukaruka."

Nikakiri kwamba ni kweli, nilikuwa narukaruka. Akainuka kwenda kupakua makande, na kutoka jikoni akaniuliza kwa sauti kama huyo binti alisema lini atapanda kumsalimia.